Mbiu Inayoishia Mlangoni, na Mtani Wetu Aliyenyamaza

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Kampuni ya Mbiu Bara, uliyekuja kutufungulia duka la huduma za simu hapa Ng'ambo;
Mheshimiwa Diwani wetu;
Mzee Nurdini, Mwenyekiti wa kikundi;
Wazee mliotuzaa, shikamooni;
Ndugu, majirani na watani:

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Na kwa waliotoka shambani alfajiri kuja kukuona, mwangaluka.

KARIBU TABORA

Mgeni rasmi, sisi wanakikundi wa Tubebane tunakukaribisha kwa mikono miwili. Uliposhuka garini tulikusikia ukisema jua la hapa ni kali. Pole sana, ndilo tulilo nalo, na sisi wenyeji linatuchoma vilevile. Risala hii imeandikwa na katibu, Hafsa, fundi cherehani, naye ndiye anayekusomea. Kamati ilikaa naye ikampunguzia maneno, maana anayo mengi. Yaliyobaki ni ya wote.

SISI NI NANI

Tubebane ni kikundi cha kufaana, hasa kwenye misiba. Ndani yake wamo mafundi na wachuuzi wa Ng'ambo, wakulima wa tumbaku wa Urambo, na wafuga nyuki wa Usinge. Tuko Waislamu, Wakatoliki na Wamoravian. Akifiwa mmoja, wengine wanaacha cherehani na majembe wanakwenda. Huo ndio mkataba wetu wote.

Mgeni rasmi, hapa uliposimama ilipita njia ya misafara, kutoka pwani kwenda Ujiji. Hatuisifu kwa yote, maana wapo waliopitishwa humo kwa minyororo. Lakini babu zetu Wanyamwezi waliibeba mizigo wakaishusha mpaka Bagamoyo, na njiani walipita kwa Wazaramo. Kwanza waligombana. Halafu wakachoka kugombana, wakawa watani. Tangu hapo Mnyamwezi akifa, Mzaramo ana kazi yake msibani, na Mzaramo akifa sisi tuna yetu.

Mtani wetu anaitwa Sadiki. Babu yake Mzaramo alipanda huku kutoka pwani na cherehani ya mkono, yeye amekuwa fundi simu, na kibanda chake kiko mkabala na duka lako jipya. Huyu bwana, kabla ya mambo tutakayokueleza, alikuwa balaa. Anafika msibani anakalia jembe la kuchimbia kaburi, hainuki mpaka akombolewe kwa kuku. Analia kwa sauti kubwa kuliko wafiwa, machozi halisi kabisa, halafu katikati ya kilio anauliza wali utaiva saa ngapi. Wafiwa wanacheka wakiwa na machozi. Msiba unabebeka.

Na alikuwa na tabia ya kutuua. Asubuhi unapata ujumbe: "Mzee Nurdini amefariki, nani anarithi baiskeli?" Mzee Nurdini huyo yuko barazani anakunywa kahawa. Ametuua wote hapa. Aliyeuawa kuliko wote ni marehemu Mama Levina wa Usinge, kwa sababu alikuwa anamnyima asali. Mama naye hakuwa nyuma, alikuwa akimjibu: "Nimefufuka. Ile sanda ilete nishonee gauni."

Kwa hiyo tuna mwiko mmoja: habari ya msiba haitoki kinywani mwa mtani. Mfiwa mwenyewe ndiye atoaye habari, kwa sauti yake. Ukiisikia kwa mtani, basi hakuna aliyekufa.

MLIYOTUFANYIA MEMA

Mgeni rasmi, asiyeshukuru kwa kidogo hata kwa kikubwa hashukuru. Mlipoleta simu zenu za Mbiu, wengi wetu vijijini ndiyo ilikuwa simu yao ya kwanza ya kupangusa. Chaji inakaa. Na ule mtandao wenu wa ujumbe ni mzuri kwelikweli: bibi asiyejua kusoma anabonyeza, anasema Kinyamwezi chake, mwenzake anasikia. Kule Usinge karibu na msitu, kupiga simu ni bahati nasibu, sauti inakatika katikati ya salamu. Lakini ujumbe wa Mbiu unasubiri mawimbi, ukiyapata unaruka wenyewe. Kwa hilo mmetuheshimu, nasi tunasema ahsanteni.

TULIPOKWAMA

Shida ni hii. Ujumbe wa Mbiu unakwenda kwenye simu ya Mbiu tu. Mwenye simu ya aina nyingine haupati, hata akitaka kuuweka kwenye simu yake anakataliwa. Na mwenye Mbiu hawezi kuweka mtandao wa ujumbe wa wenzake. Nusu ya Tubebane ikawa ndani na nusu nje.

Mawakala wenu wanatuambia, si mnunue wote Mbiu? Jamani, simu ni kama mume. Huwezi kumwacha wako mzima kwa sababu jirani kapata mwingine.

Tukatafuta wa kutuunganisha. Mwenye simu za aina zote mbili alikuwa mmoja, Sadiki, kwa sababu ya ufundi wake. Tukamwomba awe anasikiliza yanayosemwa upande wa Mbiu, kisha awaandikie wa upande wa pili ujumbe wa kawaida. Alikubali kwa moyo mmoja. Mikutano, mvua, bei ya tumbaku, vyote alivusha. Ule mwiko wetu hakuna aliyeukumbuka. Hilo ni kosa letu, hatukusukumii wewe.

Mama Levina aliugua ghafla akafariki mapema asubuhi. Mwanawe Benjamini, anayeishi naye Usinge, akajaribu kumpigia dada yake Pelagia aliyeolewa Urambo. Simu haikwenda. Akatuma sauti kwenye kundi la Mbiu: "Mama ametutoka. Nawaomba mumwambie dada Pelagia aje." Wenye Mbiu tuliisikia, tukaanza kujitanda khanga, kila mmoja akijua Sadiki atamfikishia Pelagia.

Pelagia simu yake si ya Mbiu.

Sadiki akamwandikia: "Dada Pelagia, mama amefariki, nenda Usinge."

Mgeni rasmi, Pelagia alikuwa shambani. Alisoma akacheka, akajibu: "Leo tena? Mwambie akifufuka aniletee asali." Sadiki akaona mambo yameharibika, akapiga. Urambo simu inapatikana vizuri, wakasemezana. Sadiki akaapa kwa Mungu. Pelagia akamwambia, hata mwezi uliopita uliapa. Basi Sadiki, aliyempenda yule mama kama wake, akashindwa kujizuia akalia kwenye simu. Na Pelagia akamwambia, tunanukuu kwa ruhusa yake: "Ee Mzaramo! Leo umelia vizuri, kuku wako nitakuwekea." Akakata, akazima simu ili alime kwa utulivu.

Sadiki akatoka mbio kutafuta gari la Urambo. Gari likaharibika njiani.

Usinge walimngoja Pelagia. Katekista aliongeza sala, akaongeza na nyimbo. Kule hakuna chumba cha baridi cha kuhifadhia maiti, na jua ni hilihili ulilolisema. Jua lilipoinama Benjamini akasema mzikeni mama. Alidhani dada yake amesikia akakataa kuja.

Pelagia alijua jioni ile, aliporudi nyumbani akamkuta jirani yake Marko, mwenye Mbiu, amesimama uani na kofia mkononi. Marko alimwekea sikioni sauti ya Benjamini, mdogo wake. Sauti ileile iliyokuwepo tangu asubuhi, nyumba ya pili kutoka kwake, kwenye simu ya aina nyingine.

Hatusemi kampuni yako ilimuua Mama Levina, la hasha. Alikufa kwa siku yake. Tunachosema ni kwamba mtoto hakutupa udongo kwenye kaburi la mama yake, na inauma. Inauma mpaka leo. Benjamini na Pelagia wazee wamewasuluhisha, wanasalimiana, ila ukiwaona wanavyosalimiana utajua kazi bado.

MNAYOTUAMBIA

Tuliandika kwenu, mkatujibu kwa adabu, na majibu yenu tumeyajadili kwa haki. Mlisema kufungua mlango kutaleta matapeli. Ni kweli. Kwenye ujumbe wa kawaida hakuna hata mmoja wetu ambaye hajaandikiwa na mtu asiyemjua, "ile hela tuma kwenye namba hii". Kwenye Mbiu hilo halijawahi kutupata, na tunaogopa kulikaribisha. Mlisema pia kwamba siri za wateja zinalindwa na kufuli lenu, na mkishirikiana na wengine hamjui wao wana kufuli gani. Nalo lina uzito, Mzee Nurdini mwenyewe aliunga mkono.

Na mlisema, kwa lugha ya mzunguko, kwamba mlilima wenyewe na hamtaki jirani avune. Hapo tunawaelewa sana, sisi ni wakulima.

Lakini mgeni rasmi, laini yangu na laini yako ni za kampuni mbalimbali na tunapigiana. Hata pesa, ambayo ndiyo watu huiba, inatoka mtandao huu kwenda mtandao ule na inafika. Sasa pesa imepata njia, kilio kikose? Uwekeeni mlango bawabu, mkague kila anayeingia, mruhusu tu watu waliokubaliana wao kwa wao, sisi tutapanga foleni. Hatuombi kuingia jikoni kwenu. Tunaomba sahani ipokelewe dirishani. Nyinyi wenyewe simu mmeiita Mbiu, na wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Hawakusema inawalilia wenye pembe za aina moja.

TUNACHOOMBA

Kamati ilitaka tuorodheshe maombi mengi, mnara wa Usinge na mengineyo. Tumeyafuta. Ombi ni moja: kaeni na wenzenu wenye simu nyingine, mtafute namna ujumbe wa huku ufike kule, na habari ya mfiwa ifike kwa sauti yake. Kama ni mwaka, semeni mwaka. Kama haiwezekani, tuambieni hapahapa tukiwa tunatazamana.

Na sababu si Pelagia peke yake. Yeye yupo hapa, amekaa safu ya mbele, kitenge cha kijani, na ameruhusu haya yasomwe. Sababu nyingine imekaa kibandani mkabala, haikuja, ingawa tuliialika.

Tangu siku ile Sadiki hatanii. Tumepata misiba mingine. Anakuja, anavua viatu, anatoa pole, anakula wali wake kimya na kuondoka kama mgeni. Jembe halikalii. Tumemchokoza, tumemtukana kitani, tumemwambia babu yake alikimbia Bagamoyo kwa uvivu. Anajibu, "Ni kweli, samahanini." Mgeni rasmi, hujui uzito wa msiba usio na mtani. Watu wanalia tu mpaka mwisho, hakuna wa kuwainua.

Mwezi uliopita Pelagia akaona yeye ndiye mwenye haki ya kuanza. Akamwandikia: "We Mzaramo, mimi Pelagia nimekufa. Njoo unizike, na kuku wako nimekuwekea."

Sadiki aliusoma akainuka. Alifunga kibanda mteja akiwa ndani, simu ya mtu imefunguliwa mezani, akapanda gari mpaka Urambo. Alimkuta Pelagia kwenye bani la kukaushia tumbaku, mzima, anapanga majani. Alisimama mlangoni akimwangalia. Pelagia akasubiri matusi. Sadiki akasema, "Nilikuja kuhakikisha, dada," akageuka kurudi kituoni.

Ndiyo maana tunaomba, mgeni rasmi. Zipeni habari za vifo njia yake, zipite zenyewe. Mumtue mtani wetu mzigo ambao sisi tulimtwika na haukuwa wake, ili siku moja atuandikie tena kwamba tumekufa, na sisi tucheke.

Pokea asali hii, chupa mbili. Imerinwa kwenye mizinga ya Mama Levina, ile aliyokuwa akimnyima Sadiki. Chupa ya pili ni yake. Duka lako linatazamana na kibanda chake. Ukitoka hapa, tunakuomba uvuke barabara umpelekee wewe, maana kwetu sisi hajaipokea.

Mwenyezi Mungu akurudishe kwako salama, akulindie wazazi kama unao, na kama wametangulia awalaze pema. Amina.

Ni sisi,
Wanakikundi wa Tubebane,
Ng'ambo, Urambo na Usinge.