Siku ya Mia ya Bu Chang-ho

Marehemu Bu Chang-ho alizaliwa tarehe 9 Machi 1952 katika kijiji cha Gasi, kisiwani Jeju, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Wa pili alikuwa mdogo wake, Chang-min, ambaye kaburi lake ndilo hili hapa kando, ndani ya ukuta huu wa mawe.

Shule ya msingi aliimaliza hapa hapa mwaka 1965. Hakuendelea. Mwenyewe alisema mwalimu alimchoka kwa kuchungulia farasi dirishani. Akaingia malishoni, na huko akawa fundi wa kufundisha farasi wachanga.

Mwaka 1978 alimwoa Yang Sun-deok. Mama huyu hajawahi kuficha wivu wake. "Mwenzenu anaongea na mkia wa farasi kutwa," alizoea kusema, "akifika kwangu, kimya! Maneno yameisha!"

Tarehe 11 Oktoba 1981 ni siku ambayo marehemu hakutoka ndani yake mpaka anakufa. Chang-min alitaka farasi wa mbio za wilaya. Aliyekuwepo alikuwa na siku kumi na moja tu za mazoezi, mgongo bado laini.

"Kaka, vipi, anafaa?"

Marehemu alikuwa anakula. Hakuinua hata uso. "Anafaa, panda."

Kwenye mteremko mgongo ulimshinda mnyama, akamwangukia mpandaji wake. Chang-min alikuwa na miaka ishirini na sita, na binti wa miezi sita, Mi-ok.

Tangu hapo hakuna aliyekalia farasi wa marehemu kabla ya siku mia. Alitembea nyuma yao kwa miguu, kamba ndefu mbili mkononi, akiwapandisha kilima, akiwarudisha kinyumenyume, akiwavusha magogo, mpaka mgongo ushibe nyama. Na kila asubuhi aliwasimamisha kaburini kwa mdogo wake, kwenye ule mwanya wa ukutani tunaoiachia roho ipite. "Chang-min, anafaa?" Halafu anasubiri. Jamani, tulimwona akisubiri! Kisha anajijibu mwenyewe, "Bado," wanaondoka. Wengine wetu tuliacha kupita njia ile.

Mi-ok alilelewa naye, akafundishwa yote isipokuwa kupanda. Hata siku ya mia ikifika, aliitwa mtu mwingine.

"Ba'mkubwa, nina miaka arobaini na tatu! Lini sasa?"

"Bado."

Saratani ya ini iligunduliwa Februari mwaka huu, 2024. Tarehe 30 Julai alianza na Gara, jike mweusi, wa mwisho wake. Akichoka, alikaa kwenye kiti cha plastiki, Mi-ok akashika kamba. Tarehe 3 Novemba, siku ya tisini na saba, alisimama ukutani na hakuuliza. Alisema tu, "Chang-min, huyu ni wa mwanao. Zimebaki siku tatu." Kesho yake, saa kumi na mbili asubuhi, alifariki nyumbani.

Siku hizo tatu Mi-ok amezitembea na nguo za msiba mwilini. Leo ni ya mia. Gara alifuata jeneza hadi ukutani, akasimama bila kuvutwa, masikio mbele. Mi-ok akasubiri. Tukasubiri sote. Hakuna aliyesema, "Bado."

Marehemu ameacha mjane, mwana mmoja, Jong-hun, wajukuu wawili, na Mi-ok, ambaye tukimaliza kufukia atapanda.

Pumzika sasa, Chang-ho. Tumekulaza ubavuni kwa mdogo wako, ukuta wenu mmoja, na mwanya tumeuacha. Mtamwona akipita.