Tafuta Bila Jina

CHEREHANI: Haloo? Haloo! Nani anapumua hapo? Mbona hujibu?

MAMA KOPI: Unaniuliza mimi nani, na wewe ndiye uliyepiga! Ngazi nzima imekusikia ukinitukana mlangoni pangu. Sasa umehamia kwenye simu?

CHEREHANI: Ulinifungia mlango usoni!

MAMA KOPI: Nilimfungia paka wa chumba namba sita. Wewe ulikuwa nyuma yake.

CHEREHANI: Usinichekeshe, leo sina meno ya kucheka. Barua iliyovunja ndoa ya binti yangu imetoka kwenye mashine yako. Ninayo mkononi. Shangazi wa bwana harusi kanirudishia yenyewe, na ule mstari wako mweusi pembeni kama wanja uliochuruzika. Duka la kuchapa lenye mstari ule mtaa huu ni moja tu.

MAMA KOPI: Shoga, mtaa mzima unachapa kwangu. Vyeti, talaka, maombi ya kazi. Mimi mwosha tu, maiti si zangu.

CHEREHANI: Na mwosha huoshwa! Nitajie aliyeileta—

MAMA KOPI: Nitamjuaje? Nina mafaili elfu nne—

CHEREHANI: Fungua moja moja!

MAMA KOPI: Moja moja, kwani nachambua mchele? Kuna njia. Fundi aliyenifufulia hii mashine alinifundisha. Unafungua skrini nyeusi, hakuna kubofya, unaandika amri. Inaitwa grep. Unaipa maneno, inapita ndani ya kila faili, inakutajia yaliyo nayo. Haichoki, haioni haya.

CHEREHANI: Basi ifanye. Sasa hivi, nikisikia.

MAMA KOPI: Ngoja niweke simu mezani, mikono yangu miwili tu. [mkwaruzo] Unanisikia? Nimeweka sauti kubwa.

CHEREHANI: Nani mwingine yuko hapo?

MAMA KOPI: Mdogo wangu tu. Huyu wa ndani. Haya, soma.

CHEREHANI: "Kama jirani mwenye kuwatakia heri, sioni vyema kunyamaza. Msichana huyu huanguka na kutokwa povu, na kwao wanawaficha." Jirani mwenye heri! Mungu amkaushe mkono!

MAMA KOPI: Amina. Naandika… naongeza na alama ya kutojali herufi kubwa wala ndogo—

CHEREHANI: Kama wewe usivyojali mkubwa wala mdogo.

MAMA KOPI: Endelea tu. [vidole vinagonga] Hakuna.

CHEREHANI: Umeona! Unaficha!

MAMA KOPI: Sifichi, mama. Hii inatazama mstari mmoja mmoja. Umenipa sentensi ndefu, kwenye faili imekatika katikati, basi inanyamaza. Nipe maneno machache. Yale yanayouma.

CHEREHANI: "Huanguka na kutokwa povu."

MAMA KOPI: Hayo yanauma kweli. Na jina la binti yako niliweke?

CHEREHANI: La nini? Likikosewa si itanyamaza tena? Tafuta bila jina!

MAMA KOPI: Za mwaka huu tu, au zote?

CHEREHANI: Zote!

MAMA KOPI: Tangu nifungue duka?

CHEREHANI: Tangu dunia iumbwe! Mbona unaniuliza kama polisi?

MAMA KOPI: Nataka useme mwenyewe. [vidole vinagonga] Mawili.

CHEREHANI: Mawili nini?

MAMA KOPI: Mafaili mawili. Moja la mwezi uliopita. Moja la miaka saba nyuma.

[karatasi inakunjwa]

MAMA KOPI: Haloo? Mtandao umekula maneno?

CHEREHANI: Nipo. Hilo la zamani liache. Nisomee jipya.

MAMA KOPI: Tangu dunia iumbwe, umesema.

CHEREHANI: Nimesema liache!

MAMA KOPI: Desturi ya duka langu unaijua. Kila faili linapewa jina la mteja na namba yake ya simu, maana mteja lazima atarudi kutaka kopi nyingine. Hili la zamani linaitwa "cherehani-barua".

CHEREHANI: Mafundi cherehani wako wangapi mji huu—

MAMA KOPI: Na namba ni hii inayowaka hapa mezani.

CHEREHANI: Mama Kopi… dada…

MAMA KOPI: Leo dada! Sikukuchapia mimi. Nilikuwa nimelazwa, alikuchapia yule msichana niliyemwajiri. Niliporudi nikakuta mdogo wangu ameachwa wiki mbili kabla ya harusi, nikalia na nani? Na wewe. Ulinishika bega. Ukasema wanaume hawana shukrani.

CHEREHANI: Ni zamani hizo. Shetani—

MAMA KOPI: Shetani hapimi kiuno. Gauni lake ulilishona wewe. Mwezi mmoja baadaye ukalipunguza, yule mwalimu aliyemwacha akamwoa mpwa wako akiwa amelivaa.

CHEREHANI: Jipya nani? Niambie basi jipya nani!

MAMA KOPI: "Cherehani-barua-mbili."

CHEREHANI: Muongo! Mimi niandike hayo juu ya mwanangu?

MAMA KOPI: Hukuandika. Nimenakili mimi. Nilikuwa natafuta neno jingine kabisa, hii amri ikanitolea jina la mdogo wangu ndani ya barua yako. Nikafuta jina lake, nikaweka la binti yako. Mengine sikugusa. Uliandika vizuri, niongeze nini?

CHEREHANI: Mwanangu haanguki!

MAMA KOPI: Mdogo wangu alianguka lini?

CHEREHANI: Binti yangu alikukosea nini? Miaka saba iliyopita alikuwa bado anavaa sare ya shule! Amejifungia chumbani tangu jana, hataki hata maji. Ungenipiga mimi. Ungenimwagia maji ya moto mimi!

MAMA KOPI: Wewe ungepona.

[mlio wa salio]

CHEREHANI: Salio linaisha. Sikiliza. Waandikie wale watu leo, waambie ni uongo. Mashine ni yako, watakuamini. Nitapiga magoti.

MAMA KOPI: Ghorofa ya tatu? Nitayaonaje?

CHEREHANI: Mama Kopi, una roho gani wewe!

MAMA KOPI: Ya kuazima. Nimeitoa huko juu kwako.

CHEREHANI: Na mdogo wako… amesikia?

MAMA KOPI: Kila neno. Mwezi mzima nimelificha faili hili. Nilitaka alisikie kwa sauti yako, ukisoma vizuri vile.

CHEREHANI: Mbele yake! Damu yako mwenyewe!

MAMA KOPI: Usinifundishe damu.

CHEREHANI: Anasemaje?

MAMA KOPI: Amesimama. Ngoja, ananiambia kitu. Rudia, mdogo wangu. [mnong'ono] Eti… hapana, kwa nini wewe? [mnong'ono] Haya. Anasema barua ya kukanusha ataiandika yeye, kwa mkono wake na jina lake chini. Ataipeleka mwenyewe kwa yule shangazi kabla jua halijazama.

CHEREHANI: Mungu ambariki! Mwambie Mungu—

MAMA KOPI: Hajamaliza. Anasema kwanza ushuke. Utamsomea ile ya kwanza. Yenye jina lake. Mwanzo mpaka mwisho, ukimtazama.

CHEREHANI: Siwezi.

MAMA KOPI: Basi binti yako abaki chumbani. Huyu wangu alibaki miaka saba, na chumba hakijamla.

[mlio wa salio]

CHEREHANI: Nashuka. Mwambie nashuka, nimsomee hapo hapo mlangoni, nisimchoshe—

MAMA KOPI: Mlangoni hataki. Saa saba hii, anasema, na sauti yako imekauka. Ameshapakua sahani tatu. Karibu ndani, jirani, ukae ule nasi, halafu usome— [simu inakatika]