Ndoo Moja ya Maziwa

Benchi la nje ya duka la Kipimo lina miguu mitatu na tofali moja, na kila asubuhi linabeba watu walewale: Profesa, fundi baiskeli anayesoma magazeti ya kufungia misumari, na Injinia, aliyewahi kufagia karakana ya reli. Asubuhi hiyo redio ilikuwa imetangaza kwamba maziwa ya unga ya kopo la bluu, yaliyotoka ng'ambo, yana vijidudu na yameshalaza watoto hospitalini katika nchi kadhaa. Kila mtu atazame namba chini ya kopo. Kipimo hana kopo. Yeye humimina makopo ya kila rangi kwenye ndoo moja, huuza kwa kijiko, na makopo matupu watu hupandia maua.

— Fitina ya biashara hiyo, alisema Profesa. Kopo jekundu limelionea wivu la bluu.

— Fitina wapi, alidakia Injinia. Vijidudu vya kule vimezoea baridi. Vikionja jua letu, vinafia kwenye kontena.

— Hata visipofa, vitakutana na vyetu bandarini. Vyetu havina mchezo.

— Na watoto wa kule wamelelewa juu ya zulia. Wa kwetu matumbo yao yameshapita jeshini.

Kipimo aliwamiminia kahawa nyingine, ya bure. Maneno yao yalikuwa yanamtua mzigo. Tangu alfajiri alikuwa ameshapimia watu maziwa, na nyuso zao hakutaka kuzikumbuka.

Binti yake akatokea, mtoto mgongoni, kikombe mkononi.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mama.

— Baba, nipimie ya mjukuu wako.

Profesa akaangalia kahawa yake.

— Redio umeisikia? aliuliza Injinia taratibu.

— Nimeisikia. Ndiyo maana nimelipita duka la pale juu nikaja kwa baba. Haya yako, baba, yalitoka kopo gani?

Kipimo alishika kijiko, akakirudisha. Aliogopa, tena aliogopa sana.

— Sijui, mwanangu. Mnyonyeshe tu kwa leo.

Akaifunga ndoo, akaisukuma chini ya meza, akamgeukia Profesa.

— Nipe baiskeli.

— Unakwenda wapi?

— Waliochukua asubuhi nawajua wote, nyumba kwa nyumba.

— Ya mteja hiyo, Kipimo. Haina breki.

Kipimo alikuwa ameshaipanda.