Macho ya Mama Yalivyoingia Kwenye Filamu

Mwanakondoo wetu ameshinda, ndugu zangu! Mchungaji ameniomba nisimame niseme Mungu alivyomrudisha mama yangu nyumbani. Mimi si mhubiri. Nakaa hapa Isevya, Tabora, na kazi yangu ni kuandika skripti za filamu. Nitasema kama ilivyotokea.

Mama anaishi kijijini, upande wa Kaliua. Tangu baba afariki amekuwa akilima tumbaku na kuikausha mwenyewe kwenye bani, kile kibanda cha udongo kinachowashwa kuni mchana kutwa. Moshi ule umeyafanya macho yake kuwa mekundu. Jirani yake Kabula alipofiwa na mtoto kwa homa, watu walianza kuyatazama macho hayo, wakinong'ona kwamba ni ya mchawi. Akaja mzee mmoja mlangoni, akamwambia aondoke kabla vijana hawajakasirika.

Mama alipanda treni na kifurushi kimoja. Kwangu alikaa chumbani. Hata alipokuwa peke yake alijifunika uso kwa kanga.

Wakati huohuo prodyuza wa Dar es Salaam, Hamza, alikuwa amenipa kazi. Alitaka filamu ya bibi mwenye macho mekundu anayewaroga watoto. Waigizaji walikuwa tayari. Ndugu zangu, nilikaa mbele ya karatasi nikashindwa. Nilijaribu kuomba, nikashindwa pia. Nikampigia nikamwambia siwezi. Akasema wapo wengine watakaoiandika, kisha akasafiri hadi Tabora kunishawishi.

Tulizungumza sebuleni. Alinieleza kwamba watazamaji hununua hofu, na macho ya bibi ndiyo yatakayokaa kwenye bango. Kuta za nyumba yangu ni nyembamba. Mama akatoka, akaketi mbele yake, akashusha kanga.

"Mwanangu," akamwambia, "macho unayoyatafuta ni haya. Basi niulize yamekuwaje."

Hamza aliweka kikombe chini. Kisha akauliza. Mama akamweleza habari za bani, kuni mbichi, na kuchungulia moto ili majani yasiungue. Akamweleza pia habari za mtoto wa Kabula, ambaye yeye mwenyewe alimpokea siku aliyozaliwa. Chai ikapoa. Hamza aliponiaga alisema niandike hayo niliyoyasikia, na kwamba filamu isipouzika hatanipa kazi tena. Sikumlaumu.

Kwenye filamu huwezi kuandika kwamba mtu hana hatia. Unaandika kinachoonekana. Basi kwenye sini ya kwanza, yaani tukio la kufungulia filamu, niliandika mkono unaosukuma kuni, moshi, halafu jicho linalotokwa machozi. Haina neno hata moja. Mama alikataa kuigiza, ila alimfundisha mwigizaji namna ya kugeuza uso mlango wa bani unapofunguliwa.

Filamu ilipokamilika, mama alitaka ionyeshwe kijijini kwake, naye awepo. Niliogopa kuliko siku zote. Tulitundika shuka jeupe kwenye ukumbi wa kanisa, madirisha tukayaziba kwa maturubai. Watu walijaa. Yule mzee aliyemfukuza mama alitoka filamu ikiwa katikati, na mimi nikadhani amekwenda kuita watu. Hakurudi. Baadaye nilisikia alikwenda kwake.

Picha ilipokwisha hakuna aliyepiga makofi. Maturubai yakafunguliwa, mwanga ukaingia. Kabula akasimama, akapita katikati ya watu mpaka alipokaa mama. Alimtazama usoni kwa muda mrefu. Kisha akashika mkono wa mama akauweka kwenye shavu lake mwenyewe, chini ya jicho.

"Mama, hata mimi macho yameanza kuwa mekundu," akasema. "Nayo ni ya moshi."

Wanawake waliokaa nyuma wakaanza kutazamana. Wote ni wakaushaji wa tumbaku.

Mama hakupanda treni kurudi nami. Kabula alimbebea kifurushi hadi kwenye nyumba ya mama.

Sisemi kwamba kijiji kizima kimebadilika. Bado wapo wasiomsalimu, na filamu yenyewe imeuzika kidogo tu. Lakini mama analala kwake, na Jumapili anakaa benchi moja na Kabula. Jambo hilo sikuliandika mimi. Skripti yangu iliishia kwenye moshi.

Namshukuru Mungu. Na wewe uliyeshindwa hata kuomba, kama nilivyoshindwa mimi, usidhani amekuacha. Mtumaini. Hakungoja maneno yangu ndipo aanze kazi.