Historia ya Marehemu Béatha Mukarugwiza, Aliyewarudisha Watoto Makwao

Padri, masista, ndugu na majirani mliopanda hadi hapa Gahanga katika mvua hii, mimi ni Jean-Berchmans Ndihokubwayo, mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake kwa Kiswahili, ili na wale waliotoka Buyenzi, waliotupokea tulipokuwa wakimbizi, wasikie wenyewe bila mkalimani.

Dada yetu Béatha alizaliwa tarehe 14 Agosti 1954, hapa hapa Gahanga, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Habiyaremye na mama Pudentienne, ambao wote wawili wametutangulia, na mwaka 1961, nyumba za kilima hiki zilipochomwa, alivuka akiwa mgongoni mwa baba kwenda Burundi, ambako sisi wadogo zake tulikuja kuzaliwa.

Alianza shule ya msingi Ngozi mwaka 1962, akaendelea na shule ya masista ya kazi za jamii huko Gitega, akahitimu mwezi Julai 1974, na mwaka huo huo akaajiriwa katika zahanati moja ya Buyenzi, Bujumbura, ambako alipima watoto uzito na kujifunza Kiswahili kwa akina mama waliomcheka kila alipochanganya r na l, naye akicheka pamoja nao.

Tarehe 28 Julai 1979 alifunga ndoa na Bertrand Kamanzi, mfanyakazi wa uwanja wa ndege wa Kanombe, akamfuata mumewe Kigali, na Mungu akawajalia watoto wawili, Natacha aliyezaliwa tarehe 11 Novemba 1980, na Kaze aliyezaliwa tarehe 3 Februari 1986.

Vita vilipoanza Oktoba 1990, wakimbizi wenzetu walipoingia nchini kwa silaha, shemeji yetu Kamanzi alikamatwa pamoja na watu wengi wa mji huu, kosa lake likiwa kwamba mkewe alilelewa Burundi na shemeji zake wako Bujumbura, akafungwa hadi Machi 1991, akarudi nyumbani akiwa anakohoa damu, na tarehe 2 Juni mwaka huo akafariki, akimwacha dada yetu mjane wa miaka thelathini na sita katika nyumba ya kupanga.

Ndipo Sista Illuminée, ambaye yuko nasi hapa, akamchukua kazini katika nyumba ya watoto iliyoko Rebero, na kazi yake ikawa kutafuta ndugu za watoto wale, kwa maana wengi hawakuwa wamekosa watu kabisa, bali mama alifariki akijifungua na baba akashindwa kulea kichanga, au njaa ilipita, mtoto akaachwa kwa masista kwa muda, na ule muda ukageuka kuwa miaka.

Béatha aliamini kwamba hakuna nyumba ya watoto, hata ikiwa na vitanda vizuri namna gani, inayoshinda kwao mtu, akatembea kilima kwa kilima akiulizia shangazi, bibi na baba wadogo, na alipompeleka mtoto hakumwacha mlangoni, aliingia ndani, akaomba aonyeshwe mahali mtoto atakapolala, akala walichokula wenye nyumba, kisha ndipo akaaga.

Mtoto wa mwisho aliyempeleka aliitwa Umutoni, msichana wa miaka minne, ambaye bibi yake, mzee Winifred, alikuwa akiishi ng'ambo ya bonde hili mnaloliona, na Jumamosi tarehe 26 Machi 1994 asubuhi mtoto yule alilia akashika mlango kwa mikono miwili, hata Sista Illuminée akasema, "Mama Natacha, ngoja kwanza Pasaka ipite," lakini dada yetu akajibu, "Sista, Pasaka ale kwao," akambeba, wakaondoka.

Siku kumi na moja baadaye mauaji yakaanza.

Dada yetu alikuwa kazini Rebero, watoto wake wakiwa nyumbani Kanombe na jirani, na vizuizi viliwekwa kila njia, hakuweza kurudi, akabaki amejifungia na masista na watoto wa watu, bila maji, hadi wanajeshi wa Inkotanyi, jeshi la wakimbizi wale, walipofika kilimani wakawahamishia Byumba, na kati ya watoto waliokuwa ndani ya nyumba ile siku hizo hakuuawa hata mmoja, jambo ambalo sisi tulimshukuru Mungu kwalo, na ambalo yeye hakuweza kulisikia likitajwa bila kutoka nje.

Natacha na Kaze walikimbia na jirani wakielekea huku Gahanga wakishikana mikono, risasi zikapigwa, watu wakasukumana, na Natacha alipoinuka alikuwa peke yake, akajificha katika mafunjo ya bondeni siku nyingi, akaokolewa Mei, na mama yake akampata kambini Nyamata tarehe 9 Agosti, wakakumbatiana, na neno la kwanza la Natacha lilikuwa, "Mama, mkono wake uliniponyoka."

Mimi niliwasili kutoka Bujumbura tarehe 15 Agosti, nikamkuta dada yangu amekonda, amekwisha kurudi kazini, nyumba ya Rebero imejaa watoto mara tatu ya zamani, na wiki ile ile akaniomba nimsindikize kwa mzee Winifred, ambako tulikuta kuta bila paa na nyasi hadi kiunoni, na mama mmoja aliyekuwa akichuma majani ya maharage akatuuliza tunamtafuta nani.

"Tunamtafuta mtoto Umutoni, mjukuu wa mzee," dada akasema.

"Yule mliyemleta kabla ya Pasaka?" mama yule akajibu. "Waliuawa wote wawili, hapo uani. Wengine tulikimbilia mafunjoni, yeye alikuwa hajazoea hata njia ya kisimani."

Dada yetu alikaa chini kwenye nyasi zile, na jioni Sista Illuminée alipomwambia, "Béatha, si wewe uliyemuua," alijibu, "Waliomuua nawajua, Sista. Lakini njia ya kwenda kule nilimpitisha mimi, na alikataa, akashika mlango."

Tangu siku hiyo alizifuata nyumba zote alizowahi kupeleka watoto, moja baada ya nyingine, na katika nyingi alikuta kimya, katika chache alikuta mtoto akiwa hai kwa jirani, na kila aliporudi alikula kidogo kuliko jana, lakini hakuacha kazi, kwa sababu akina baba na mama walikuwa wakifika langoni kila asubuhi wakitaja majina, na yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao, akitaja jina la Kaze katika kila nyumba ya watoto, hapa Kigali, Nyamata na Kabgayi.

Mwezi Septemba, katika nyumba moja ya Nyamata, alisimama mbele ya watoto akauliza, "Kaze wa Kamanzi yuko hapa?" na mvulana mmoja wa umri ule ule akasimama akasema, "Ni mimi," walezi wakapiga makofi, wengine wakalia, dada akamsogelea, akaona siye, akamshika mkono wakaenda kukaa pembeni, akamuuliza taratibu, "Mama yako alikuwa anakuitaje?" na mtoto akasema, "Manzi. Lakini unaweza kuniita hilo lingine."

Wapo waliomshauri amchukue tu, nami nilikuwa mmoja wao, naye akasema, "Huyu ana watu wake wanaomtafuta kama mimi," akaulizia mpaka akampata mjomba wa mtoto huko Kabuga, na siku ya kumkabidhi, Manzi alishika kitenge cha dada asitake kuachia, ikabidi mjomba avifungue vidole vyake, na dada aliporudi nyumbani alimwambia Natacha, "Leo nimemrudisha mtoto wa mwenzangu, na nimemwonea wivu mpaka nikaogopa."

Homa ilimwanza mwishoni mwa Oktoba, akaificha, akaendelea kupanda vilima akinywa maji ya njiani, hadi tarehe 19 Novemba alipoanguka langoni pa kazi, akapelekwa hospitali, akaonekana ana homa ya matumbo iliyokwisha kumtoboa ndani, akafanyiwa upasuaji, lakini mwili haukuwa na akiba yoyote, na Jumatano tarehe 7 Desemba 1994, saa nne asubuhi, Natacha akiwa amemshika, alikata roho, na maneno yake ya mwisho hayakuwa ya kututuliza, aliuliza kama kuna gari lolote lililotoka Kabgayi.

Sina la kuwafariji nalo, ndugu zangu, na padri atanisamehe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia na dawa chache walizokuwa nazo, masista na wafanyakazi wenzake wa Rebero waliolala naye kwa zamu, majirani wa Kanombe, majirani wa hapa Gahanga mliochimba kaburi hili ingawa mmechoka kuchimba, na jamaa wa Buyenzi mliosafiri na jeneza lenu kwa kuwa mlisikia huku mbao hakuna.

Jana, tulipokuwa tunaandika historia hii, tulifika mahali pa kusema marehemu ameacha watoto wangapi, wakubwa wa familia wakabishana, mmoja akasema tuandike mtoto mmoja, mwingine akasema turuke sehemu hiyo, ndipo Natacha, ambaye alikuwa hajasema neno tangu hospitali, akasema, "Andikeni wawili."

Marehemu ameacha watoto wawili, Natacha mwenye miaka kumi na minne, na Kaze mwenye miaka minane, mweusi, mwembamba, mwenye pengo la jino la mbele na kovu la moto kwenye kiwiko cha kushoto, na yeyote kati yenu atakayemwona, mahali popote, amwambie kwamba dada yake yuko kwa mjomba Jean-Berchmans, Kanombe, nyumba ile ile.

Lala sasa, dada, upumzike kwa amani ambayo hapa hukuipata.