Walionililia Mgeta

Wakubwa shikamooni, wenzangu salamu. Nimesitasita kusimama hapa mbele ya kikundi chetu cha kufarijiana, maana jambo lenyewe bado linaniudhi, na zaidi ya yote najichukia mwenyewe.

Mama yangu alifariki sijaota meno. Baba sikumjua. Nililelewa Kingolwira na jirani wa marehemu mama, mwanamke aliyekuja kutoka Dodoma kutafuta kibarua, akaishia kuuza uji karibu na stesheni. Shuleni nikakutana na hadithi za zamani za mayatima. Ndugu zangu, nawaambia, nilizimeza. Kila yatima mwishoni anatafutwa na jamaa zake wa damu wenye nyumba kubwa, na maskini aliyemlea anasahaulika huko katikati. Nikaamini na mimi nina ukurasa wangu wa mwisho.

Ukaja. Mjomba alinitafuta mwenyewe kutoka Mgeta. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, basi nikajua nimepata kwetu. Nikafunga begi. Yule mama akaniuliza kama nitakuja sikukuu. Nikamwambia, "Wewe si ndugu yangu." Ndiyo, nilisema hivyo, na uji wake ungali tumboni.

Mgeta walinipokea kwa kilio. Mama wadogo wakanishika mashavu, wakasema nina pua ya bibi. Siku ya tatu kikakaa kikao cha ukoo. Kumbe shamba la kabichi la bibi lilikuwa fungu la mama yangu, na bila mimi kukubali lisingeuzika. Nikatia sahihi bila kusoma, mimi msomaji mkubwa. Kesho yake mjomba, aliyelia kuliko wote, akaniambia huku anachokonoa meno, "Lori la mboga linashuka saa mbili. Usichelewe."

Nilishuka nimekaa juu ya kabichi.

Kingolwira nilimkuta yule mama anauza uji. Kikombe changu kilikuwa kwenye kapu lake, kimeoshwa. Akanijazia. Mteja akauliza huyu ni nani.

"Mwanangu," akasema. "Alikwenda kusalimia."

Hapo ndipo nilipolia kilio cha kweli.

Nawashukuru ninyi mlionisikiliza miezi yote hii bila kunicheka. Ninachowaomba ni kimoja: anayekulilia sana, mwangalie kwanza anataka nini. Na aliyekutunzia kikombe usimwache kama nilivyomwacha mimi. Wangu amekaa pale nyuma, karibu na mlango.

Mama, simama wakuone.