Nani Kanyonyoa Kichaka cha Zoya

Apa kwanza kwamba hili halitavuka kizingiti chako. Umeapa? Haya. Na mimi niliapa, mbele ya mkate na chumvi, nikakaa nalo tangu asubuhi hadi mchana, likanikaba roho. Ilikuwa mwezi wa nane, mji mzima unanuka shibiti na kitunguu saumu, na asiyetia matango kwenye maji ya chumvi huulizwa kama anaumwa. Kwenye benchi la mlango wa tatu wa jengo letu walikaa watatu, chai kwenye chupa, maganda ya alizeti miguuni: Rimma, yaani Redio, mzee Arkadi, yaani Jemedari, aliyelinda ghala la soksi za jeshi miaka thelathini, na Faina, yaani Daktari, kwa kuwa alifagia zahanati. Kando yao, chini ya dirisha la Zoya, kichaka cha smorodina, kile cha vitunda vyeusi vichachu, alichopanda marehemu mumewe kilisimama uchi kama ufagio. Majani yake, yakitiwa chupani, ndiyo hufanya tango libaki gumu hadi theluji iyeyuke. Zoya, mshika funguo wa stoo ya baridi chini ya jengo, alikuwa ametoa neno: mwizi asipojulikana kufikia saa sita, kufuli linabadilishwa, na kila mtu abaki na matango yake juu huko, kwenye joto, yapasuke. Rimma alikuwa na chupa thelathini na moja za matango. Na majani, usisahau kiapo chako, alikuwa kayachuma yeye. Ndiyo maana leo kawa mkarimu, kaleta chupa ya lita tatu, matango ya siku mbili, wenzake watafune. Majani aliyatoa yote kabla ya kushuka ngazi. Alidhani yote.

— Ni nondo, alisema Jemedari. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Wamemaliza makoti, wamehamia vichakani.

— Nondo ana mkasi? Tazama vikonyo vilivyokatwa, alisema Faina. Huo ni ugonjwa. Nimeuona zahanati.

— Uliuona ukiufagia.

— Mmea ukipandwa na presha, bwana, majani hudondoka yenyewe.

— Yakaenda wapi?

— Upepo.

Rimma akamjazia chai. Hajawahi kumpenda Faina kama asubuhi ile.

— Mmesahau mnara wa simu, akasema kwa huzuni. Unavuta kila chenye chuma, na smorodina ina chuma.

— Tele, alikubali Daktari, asiyejua anamkinga nani.

— Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, alisema Jemedari, na wote wakatikisa kichwa. Ila Redio, mbona tango lako linalia kruu mdomoni, na langu la nyumbani limelegea kama soksi?

— Mwezi mchanga na mkono mwepesi, mzee wangu. Mimi sina haja na majani ya watu.

— Hakuna aliyekuuliza majani, alisema Zoya dirishani.

Kisha akatoka, kufuli jipya mkononi, akasimama mbele yao. Zilibaki dakika kumi.

Hapo akatokea Lada, mpangaji mpya wa ghorofa ya tano, na mfuko wa viazi.

— Shikamooni. Kuna msiba?

Wakamweleza, wote kwa pamoja. Akasikiliza kwa adabu.

— Samahani, wazee wangu, jani lenyewe likoje? Mimi nimekulia kwenye lami.

Jemedari akachora hewani kitu chenye umbo la soksi. Faina akasema ni la kijani. Na ndani ya chupa, kutoka chini ya matango, jani moja likaanza kupanda polepole, likajibandika kwenye kioo.

— Mgeni hajala, alisema Rimma, akazamisha mkono hadi kifundo.

Alilipata. Akafumba ngumi. Mkono ulioingia ukakataa kutoka.

— Mpe tango, Redio.

— Namchagulia zuri.

— Hilo ulilolishika lina kasoro gani?

Akavuta. Chupa ikamfuata, maji ya chumvi yakamwagika sketini. Kwenye kioo ngumi yake ilionekana maradufu, na kati ya vidole kingo za kijani zikichungulia.

— Achia, bibi, utaumia, alisema Lada.

Rimma hakuachia.

Zoya akavaa miwani, akainama hadi pua ikagusa chupa. Akatazama kwa muda. Kisha akamgeukia mpangaji mpya, kwa upole ambao benchi lile halijapata kuusikia kwake.

— Uliuliza likoje, mwanangu. Njoo uone.